Sahihi ya Mwalimu Pembeni

Mwalimu alikuwa akisoma hadithi kwa kidole gumba. Ukimpelekea kurasa zako hakuanzia juu akateremka kama watu wengine. Alitafuta mahali ambapo watu wanazungumza, akafunika kwa kidole majina yao na kila “akasema” na “akajibu”, akabakiza maneno yaliyo ndani ya alama za usemi peke yake. Kisha aliyasoma kwa sauti, polepole, miwani ikimteleza puani. Akishindwa kujua ni nani anayesema, alikurudishia karatasi.

“Hapa hakuna watu wawili,” alikuwa akisema. “Ni mtu mmoja amebadilisha shati.”

Kidole gumba hicho kimenipitia tangu nikiwa darasa la sita katika shule moja ya Thika hadi nikawa mama wa watoto wawili, mkazi wa Ruiru, mwandishi wa vitabu vya hadithi vinavyosomwa shuleni. Karibu kila ninachojua kuhusu kuandika mazungumzo nilikitoa kwake. Nami nilichukua maneno aliyoniambia akiwa jikoni kwake, nikayachapisha bila kumwuliza. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani haya ni maandishi ya kumsifu mtu tu. Sifa zipo, na anastahili zote, lakini anayezitoa ana aibu.

Alikuwa mfupi, mwenye sweta la kijivu ambalo mfuko wake mmoja ulikuwa na chaki hata miaka kadhaa baada ya kustaafu. Hakutumia kalamu nyekundu. Alisema nyekundu inafanya mtoto aone alama aliyopata asione kosa, kwa hiyo alitumia penseli, na penseli yenyewe aliichonga kwa wembe hadi ikawa fupi kama njiti. Darasani alikuwa na viti viwili mbele ya ubao. Anayezungumza aliketi kwenye kiti chake, na akimaliza alinyamaza, mwenzake akaanza. Hivyo ndivyo tulivyojifunza kwamba kila msemaji ana mstari wake. Siku moja wenzetu wawili waliopigania rula walikalishwa pale, wakaambiwa wagombane mstari kwa mstari huku sisi tukiandika. Walipofika mstari wa sita walikuwa wanacheka, na rula ilikuwa imesahaulika sakafuni.

Tulipokuwa darasa la saba alifiwa na mume wake. Tulipelekwa mazishini kuimba, tukasimama katika jua na sare zetu, tukamwona amekaa mbele na binti yake mdogo, hawagusani. Aliporudi shuleni alikuja na desturi mpya ambayo hatukuwa tumewahi kuiona kwa mwalimu mwingine yeyote, na ambayo kwa miaka mingi niliidhania ni ukali tu.

Kila Ijumaa alitutuma nyumbani tulete mistari miwili ya mazungumzo tuliyoyasikia kwa masikio yetu wenyewe. Kabla ya Jumatatu ilibidi urudi kwa aliyeyasema, umsomee, naye akikubali kwamba ndiyo, hivi ndivyo nilivyosema, atie sahihi pembeni mwa mstari. Akikataa, huna haki ya alama za usemi. Unaziondoa, unalieleza jambo kwa kinywa chako.

“Hapo ni wewe unayesema,” alituambia. “Ukidanganya, uongo ni wako.”

Jumatatu ya kwanza nilileta insha ambamo mama yangu alinguruma, mwenye duka akabweka, na mimi nikanong'ona mara nne. Nilijivunia sana vitenzi hivyo. Mwalimu aliniita mezani.

“Mama yako anafanya kazi gani?”

“Anauza mboga, Mwalimu. Sokoni.”

“Huwa ananguruma?”

Darasa likaangua kicheko.

“Hapana, Mwalimu.”

“Mbona hakuna sahihi yake hapa? Enda umsomee. Akikubali kwamba alinguruma, mimi ni nani nikatae?”

Nilimsomea mama jioni akikata sukumawiki. Alisimamisha kisu.

“Ati nilifanya nini?”

“Ulinguruma.”

“Haiya! Mwambie mwalimu wako siku nikinguruma atasikia akiwa huko shule!”

Alikataa kutia sahihi. Niliandika upya, mara hii mama akasema, basi. Hapo alifuta mikono kwenye leso, akachukua kalamu, akaandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, akikandamiza hadi karatasi ya nyuma ikapata alama. Sikuwa nimewahi kumwona mama akiandika jina lake. Ukurasa huo ninao hadi leo.

Mtaa mzima ulituzoea. Fundi wa viatu, mama wa chapati, mzee wa kanisa, wote walijua wakituona na madaftari Jumapili jioni kwamba kuna kitu wamesema. Wengine walianza kuchunga midomo yao wakituona. Mwenye kinu cha kusaga unga aliwahi kumwambia mteja jambo baya kuhusu mahindi yake na kuhusu mke wake, na mwenzetu mmoja akaliandika vizuri kabisa, na alama zake. Yule mzee alikataa katakata kutia sahihi. Mwenzetu alirudi darasani analia, kwa sababu watu watano walikuwa wamesikia. Mwalimu alienda kinuni mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Aliporudi, alisimama mbele yetu akiwa na unga begani.

“Amekubali kwamba alisema,” akatuambia. “Lakini amesema hivi: ‘Nilisema, lakini sikutaka ibaki.’ Hiyo ameitilia sahihi, iko hapa. Ile nyingine futa. Ana haki.”

Nilikuwepo. Nilikuwa dawati la pili kutoka mbele. Siwezi kusema sikufundishwa.

Wenye kumjua nje ya darasa walishangaa kwamba mtu huyu ndiye anayefundisha mazungumzo. Nyumbani kwake Makongeni, hapo Thika, hakuna aliyemaliza sentensi. Alikukata katikati, akakujibu kabla hujauliza, na kwenye mikutano ya kina mama wa kanisa walimpa uandishi wa kumbukumbu ili awe na kitu cha kufanya na mdomo wake ufungwe. Simu hakupenda kupokea. Ukimpigia aliikata, akakutumia ujumbe wenye vituo na koma zote mahali pake: “Nimefika. Usije leo. Kuna mvua, na nguo ziko nje.” Nilipompelekea mswada ambao kijana wa Juja anamwita mwenzake “ewe rafiki yangu mpenzi”, alicheka hadi akashika mbavu.

“Huyu ni nani amemfunga kamba?” akaniuliza. “Mwache aseme ‘niaje’ kama wenzake!”

Lakini binti yake akisalimia kwa “niaje” mezani, aliambiwa aende akaongelee hiyo lugha kwenye stendi.

Na hakuomba msamaha. Hilo kila mtu alilijua. Nikiwa darasa la nane alinishtaki mbele ya wote kwamba nimenakili insha. Baadaye aligundua kwamba mwenzangu ndiye aliyenakili yangu. Nilingoja aseme. Hakusema. Kesho yake asubuhi nilikuta ovakado kubwa kwenye dawati langu, imefungwa gazeti, kutoka kwenye mti wa uani kwake. Alifundisha kipindi kizima bila kuniangalia, na mimi nilikula ovakado ile kwa chumvi nikajua mambo yamekwisha. Baadaye maishani nimezipokea ovakado zake tatu au nne, kila moja na sababu yake.

Nilipoanza kuchapisha vitabu nilimtafuta. Kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa nikitoka Ruiru Jumamosi asubuhi na bahasha yangu, naketi jikoni kwake, ananimiminia chai kutoka kwenye thamosi yenye maua mekundu, na kidole gumba kinaanza kazi. Sikuwahi kumlipa hata shukrani ya maana. Niliandika jina lake mbele ya kitabu kimoja, naye akanikemea kwamba nimeweka koma mahali pasipofaa.

Jumamosi moja nilimpelekea hadithi ya mke na mume wanaogombana. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye sinia. Alifuta mikono, akafunika majina, akasoma ukurasa mmoja na nusu, akanirudishia.

“Hawa wanaongea sana.”

“Wamekasirika, Mwalimu.”

“Watu waliokasirika kweli hawaongei, mami. Mimi na marehemu tulikaa miaka minne hatuongei.”

Nilidhani anatania. Aliendelea kuchambua maharagwe, akitupa mawe kwenye kikombe, na akaniambia yote kana kwamba ananisimulia habari za jirani. Walikuwa wameudhiana juu ya jambo ambalo alisema hata halifai kutajwa, dogo mno. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Katikati alikuwepo mtoto. Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari. Mwambie mama yako nitachelewa. Wote watatu wakiwa chumba kimoja, mtoto akigeuza kichwa huku na huku akirudia maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyasikia. Akiwa na miaka tisa alikuwa amezoea, akifanya kwa haraka huku akifunga viatu.

Asubuhi moja mume alisimama mlangoni mwa jikoni amevaa koti la kiwandani. Hakumwangalia mkewe.

“Uliza mama yako kama chai imebaki.”

“Mwambie imeisha.”

“Baba, imeisha.”

“Haya.”

Thamosi ilikuwa nyuma ya mkate, imejaa. Mume alikunywa maji kwenye kikombe, akatoka. Alianguka mbele ya lango la kiwanda kabla hajaingia zamu. Mwalimu aliitwa kutoka darasani kwetu. Nakumbuka tulivyomwona akitoka na kipande cha chaki mkononi. Kabla ya kwenda hospitali alipitia nyumbani, akaimwaga ile chai yote chini ya mti wa ovakado, ili mtoto akitoka shule asiikute.

“Na yeye hajui?” nikauliza.

“Hajui. Alibeba tu.” Alitikisa sinia. “Ndiyo maana nikawatuma nyinyi na madaftari. Niliona maneno yanapita kwa mdomo wa mtu na mwenyewe hayuko pale kuyajibia. Sikujua kitu kingine cha kufanya.” Kisha akagonga meza kwa kidole kile kile gumba. “Hii ni ya hapa.”

“Sawa, Mwalimu.”

Hiyo “sawa” niliisema nikimwangalia machoni. Jioni hiyo hiyo, nyumbani Ruiru, nilianza kuandika kabla sijavua viatu.

Nilijidanganya kwa njia zote ambazo waandishi hujidanganya. Thika niliifanya Ruiru, kiwanda kikawa shamba la kahawa, mwalimu akawa muuguzi. Mtoto nilimwacha msichana, kwa sababu nilijaribu kumfanya mvulana na hadithi ikapoa. Ile mistari minne ya chai sikuigusa. Nilijaribu kuibadilisha na kila mara kidole gumba kilichomo kichwani mwangu kiliniambia ile ya kwanza ni bora. Mwishoni niliongeza mstari mmoja wangu: mke anasimama peke yake jikoni, anaishika thamosi iliyojaa, anasema, “Nisamehe.”

Mhariri alinipigia simu akiwa Nairobi.

“Huo mwisho umeniliza,” akasema. “Hiyo ‘nisamehe’ usiiguse.”

Sikuigusa. Nilifurahi siku nzima, nikawapikia watoto chapati.

Watu wameniuliza kwa nini sikumsomea kwanza. Nilisahau, nimewajibu wengine. Nilikuwa na haraka, nimewajibu wengine. Ukweli ni kwamba nilijua angekataa, na nilikitaka kitabu kuliko nilivyomtaka yeye akubali. Kitabu kilipokuwa mtamboni nilienda kwake mara mbili. Mara zote mbili nilikunywa chai ya thamosi ile, nikamsifu kwa maziwa mazito, nikarudi nyumbani.

Binti yake ana duka la kutoa nakala kule Juja, karibu na chuo, mashine mbili na kijisanduku cha kalamu. Tunafahamiana tangu utotoni, yeye akiwa madarasa matatu nyuma yangu. Alinipigia Jumanne mchana.

“Ni wewe umeandika hii story ya chai?”

“Ni mimi. Umeipata wapi?”

“Student ameniletea nimtolee copy thelathini. Nimefika ya tisa nikazima mashine.” Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, mtu akiuliza bei ya kujalidi karatasi. “Kulikuwa na chai?”

“Ni hadithi tu.”

“Sijakuuliza kama ni hadithi. Mimi ndiye niliambiwa nimwambie imeisha. Nilikuwa nimeinama nafunga kiatu. Si uniambie tu, kulikuwa na chai?”

Nimeandika mazungumzo maisha yangu yote. Najua kumpa mtu jibu linalomfaa. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni hiki:

“Muulize mama yako.”

Alikata simu. Nilibaki nimeishika. Nilikuwa nimemtuma tena. Amekuwa mtu mzima, ana duka lake na watoto wake, na mimi nilimgeuza kichwa upande ule ule waliokuwa wakimgeuzia wazazi wake.

Alienda kumwuliza mama yake jioni hiyo. Waliyosemezana siyajui. Ninachojua ni kwamba kwa miezi kadhaa baada ya hapo Mwalimu hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Nilimwandikia jumbe ndefu, nikazifuta, nikaandika fupi, nikazipanga koma vizuri kana kwamba koma ndizo zilizomuudhi. Alama mbili za samawati zilionyesha amesoma. Kanisani kwao Thika wanawake wawili walikuwa wamekitambua kisa pia, na mmoja alimwuliza mbele ya wengine kama siku hizi chai huwa inabaki. Aliyenieleza hilo alicheka. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa.

Hatimaye nilipata ujumbe, lakini ulitoka kwa binti. “Kuja Saturday saa nne. Ukuje na kitabu.”

Nilifika saa nne kasoro dakika tano, nikangoja nje ya geti hadi saa nne kamili. Mti wa ovakado ulikuwa umezaa hadi matawi yakaegemezwa kwa nguzo. Ndani, Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, sweta lile lile, amekonda. Binti yake alikuwa upande wa pili wa meza. Katikati yao kulikuwa na thamosi ya maua mekundu na vikombe.

“Habari ya asubuhi, Mwalimu?”

Alimgeukia binti yake.

“Mwambie mgeni akae.”

“Kaa,” binti akaniambia.

Nikakaa. Nilikuwa nimefikiria mambo mengi ambayo angeweza kunifanyia, na hili sikuwa nimelifikiria.

“Mwambie asome.”

“Anasema usome.”

Nikasoma. Mimi husoma hadithi zangu mbele ya wanafunzi, mbele ya walimu, mbele ya watu wenye tai, na sauti yangu huwa nzuri. Siku hiyo ilikauka kuanzia aya ya kwanza. Kila nilipofika kwenye mistari ya mazungumzo, Mwalimu alinyoosha mkono, nikampa kitabu, akaweka kidole gumba, akasoma mwenyewe kimyakimya, akanirudishia. Niliona jinsi nilivyokuwa nimepamba huku na kule. Niliona yule muuguzi wangu alivyokuwa mrembo, na jinsi jikoni kwake kulivyokuwa na dirisha lenye jua, jambo ambalo jikoni hili halijawahi kuwa nalo.

Tulipofika kwenye chai alikichukua tena kitabu. Binti alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Kisha Mwalimu akatoa penseli fupi kwenye mfuko wa sweta, akaweka sahihi pembeni mwa mstari wa “Mwambie imeisha”, herufi zake mbili, kama alivyozoea kuziweka kwenye madaftari yetu. Akamsukumia binti kitabu ili aone. Binti aliona. Alifuta macho kwa mkono, akanirudishia kitabu niendelee.

Ulibaki mstari wa mwisho. Niliusoma kwa sauti ndogo sana.

“Mwulize hiyo ameitoa wapi,” Mwalimu akasema.

“Umeitoa wapi?”

“Niliiongeza,” nikasema. “Nilitaka iishe vizuri.”

“Mwambie sikusema hivyo. Sikumwambia marehemu, na sijamwambia mtu mwingine yeyote. Mwambie ananifanya nionekane mzuri kuliko vile niko.”

Binti hakurudia. Hakukuwa na haja, lakini hata zamani hakukuwa na haja na alirudia. Mwalimu alichukua kitabu, akaifuta “nisamehe” yangu kwa mstari mmoja mnyoofu, na alama zake za usemi akazifuta pia, moja moja.

Hapo ndipo nililisema mimi. Sikuwa nimelipanga.

“Mwalimu, nisamehe.”

Lilisikika kama la kwenye kitabu. Ningetoa chochote lisisikike hivyo. Mwalimu alimgeukia binti yake.

“Mwambie—”

“Hapana, Mum.” Binti aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. “Mimi sibebi tena. Ako hapo. Mwambie mwenyewe.”

Kwa jirani redio ilikuwa inatangaza vifo. Mwalimu alitazama thamosi, akamtazama binti, kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akageuka akaniangalia usoni. Akaniambia kwamba chai ipo, imejaa, lakini mimi hanipi.

Nilijibu sawa. Nilisimama, nikakiacha kitabu mezani. Nilipofika mlangoni nilisikia kifuniko cha thamosi kikizungushwa na chai ikimiminwa kikombeni, na Mwalimu akaanza kumwambia binti yake kitu kwa sauti ya chini. Mimi ni mtu wa kusikiliza milangoni, ndiyo kazi yangu, na hata sokoni hupunguza mwendo nikiwapita watu wawili wanaoongea. Siku hiyo nilitoka kwa haraka, nikipiga viatu chini kwa nguvu ili nisisikie.

Haya niliyoyaandika hapa niliyachapa kwanza kwenye karatasi. Nilianzia Juja. Binti alisoma amesimama kati ya mashine zake mbili, akatia sahihi kila mahali pake, na alipofika kwenye “Muulize mama yako” akaniambia niiache hiyo, nisijaribu kuisafisha. Hakujitolea kuzifikisha Thika, wala sikumwomba. Nilizipeleka mwenyewe, nikabisha, sikufunguliwa, nikazisukuma chini ya mlango. Baada ya wiki mbili nilizikuta ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye geti kwa uzi.

Alikuwa amezipitia zote. Kidole gumba kilikuwa kimeacha madoa ya penseli kila ukurasa. Yale ya shati, sahihi. Ya kijana wa Juja, sahihi. Miaka minne, maharagwe, hii ni ya hapa, sahihi, sahihi, sahihi. Hata “Mwambie ananifanya nionekane mzuri” aliitilia. Yale aliyoniambia mwisho kuhusu chai, ambayo mimi nilikuwa nimeyaweka ndani ya alama za usemi neno kwa neno, pembeni mwake palikuwa peupe.

Nimeziondoa alama, nimeyasema kwa kinywa changu, kama alivyotufundisha. Yule mzee wa kinu alikuwa amesema, ila hakutaka ibaki. Sijui kama kwa Mwalimu ni hivyo pia. Bado sijamwuliza, na safari hii simtumi mtu aniulizie.